Kinamasi cha Bibi Ragnhild

Siku ile alikuwepo Nyamizi, mwenye miaka sita. Alikuwepo mama yake, Kabula. Alikuwepo jirani yao, Bibi Ragnhild. Na alikuwepo Pelle, mbwa wa Bibi Ragnhild.

Waliishi mbali kaskazini, katika nchi ya Norwei. Huko kuna baridi hata mwezi wa Agosti.

Huko huota tunda dogo liitwalo multe. Huota kwenye kinamasi. Kila mche huzaa tunda moja tu.

Watu wa huko hawaambiani mahali pa kuchuma multe. Kila nyumba ina siri yake.

"Sina mtoto," alisema Bibi Ragnhild. "Na miguu yangu imechoka. Nataka kumwachia mtu kinamasi changu. Mtu anayejua kuchuma, na anayejua kunyamaza."

"Mimi najua," alisema Nyamizi.

"Kunyamaza?" aliuliza Mama. "Wewe?"

Wakaenda. Chwap, chwap, chwap, buti ndani ya maji.

Nyamizi akaona tunda jekundu. Akalichuma. Puk!

Akalitafuna. Lilikuwa gumu na kali. Uso wake ukajikunja.

"Lakini nyanya ikiwa nyekundu imeiva," alisema.

"Multe si nyanya," alisema Bibi Ragnhild. "Huanza jekundu, kisha huwa la dhahabu. Na mche huo hautazaa tena mwaka huu."

Nyamizi akautazama mche mtupu. Je, atakikosa kinamasi?

"Bibi, naomba nijaribu tena."

"Jaribu."

Nyamizi akainama. Akasema polepole:

"Jekundu, ngoja.
La dhahabu, chuma."

Chwap, chwap, chwap. Hili jekundu. Akaliacha. Hili la dhahabu, laini kama shavu la mtoto. Akalichuma.

"Jekundu, ngoja.
La dhahabu, chuma."

Ndoo ikajaa. Bibi Ragnhild akachungulia ndani. Hakuona hata tunda moja jekundu.

"Kuchuma unajua," alisema.

Njiani wakamkuta Bwana Torvald, ameegemea uzio wake.

"Matunda mazuri hayo," alisema. "Mmeyachuma wapi?"

Mama akamtazama Nyamizi. Bibi Ragnhild akamtazama Nyamizi. Hata Pelle akamtazama.

"Huko," alisema Nyamizi.

"Huko wapi?"

"Huko nje."

Bwana Torvald akacheka. "Huyu ni mtu wa hapa."

Bibi Ragnhild akampa Nyamizi ndoo aibebe mwenyewe.

"Kinamasi ni chako," alisema.

Usiku jua lilikuwa bado linawaka, maana ndivyo kiangazi kilivyo huko. Mama akafunga pazia.

"Mama, njia uliiona?"

"Niliiona."

"Usimwambie mtu."

"Simwambii. Lala."

Nyamizi akalala.

Kiangazi kilichofuata, Nyamizi aliongoza njia. Chwap, chwap, chwap. Mama alimfuata, na Pelle alimfuata. Matunda yalikuwa mengi.

Bibi Ragnhild hakuwepo. Alifariki mwezi wa Machi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na saba.