Doti Moja kwa Wote

Mbaruku, karani wa ghala la pamba, alimwona Mwaija mara ya kwanza gatini Mwanza, meli ya Bukoba inashusha ndizi na senene, watu wanasukumana. Gauni lake la maua kama la wenzake. Lakini kichwani kofia ya pama, ya kiume, imeinamia jicho moja.

"Dada, kofia hiyo umemnyang'anya nani?"

"Mmoja aliyeuliza kama wewe."

Mbaruku akawa hajiwezi tena.

Mapenzi yakakolea. Ila ghalani wenzake walianza, "Bwana Mbaruku, mchumba na pama lake anakwenda lini kuwinda?" Naye akacheka nao. Sherehe za Uhuru zilipokaribia, kina mama wa mtaa wakanunua kanga za sare, Mbaruku akamwendea Mwaija.

"Mpenzi, vaa kama wenzio. Usinitie aibu."

Mwaija akaishika kofia yake. "Aibu, Mbaruku?"

"Siku moja tu, roho yangu."

"Haya."

Siku yenyewe uwanja ulikuwa kanga za kijani tupu, vichwa vimetandwa, ngoma zinarindima. Mbaruku, suruali imenyooshwa pasi kama kisu, alitafuta mpaka akachoka. Mwisho akaona mabega anayoyajua. Akanyata nyuma, akashika bega, akainama sikioni.

"Kipenzi, leo umependeza mpaka natamani kukumeza."

Shingo iligeuka polepole. Alikuwa Bimdogo, mama yake Mwaija. Wiki ile ile wazee wa Mbaruku walikuwa wapeleke posa nyumbani kwake.

Wanawake waliziba midomo. Mkwe hata njiani hupishwa. Huyu kashikwa bega.

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Toa mkono kwanza."

Jasho lililoanisha kola. Miguu ilitaka kukimbia, lakini akikimbia, posa nayo imekwenda. Mwaija akajitokeza kati ya zile kanga.

"Ulitaka nifanane na wenzangu. Nimefanana. Mbona hukunijua?"

"Nilikuonea aibu," Mbaruku alisema, macho chini, wanawake wote wanasikia. "Watu walikucheka, nikacheka nao. Leo aibu ni yangu mwenyewe. Nisamehe, Mwaija."

"Na posa?"

"Kama bado ninatakiwa."

"Mimi nakutaka, mjinga wewe. Kwa mama jitetee."

Mbaruku akamgeukia Bimdogo. Bimdogo alijitanda kanga yake upya, bila haraka, akimwacha aive.

"Wazee waje Ijumaa," alisema. "Nawe ukija, pita mlango wa mbele. Nyuma yangu sikutaki tena."