Kijipete cha Waya wa Breki

Magharibi nilikuwa nakusanya spana nifunge karakana, mara dada yangu akaingia akikokota baiskeli. Tangu nioe hakuwahi kukanyaga kwangu. Mke wangu alimwita wifi; yeye alimwita "huyo".

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu mwenyeji alikuwa anatafuta pa kukimbilia.

Kijipete kilichochomelewa kwenye fremu, kile kinachoshika waya wa breki, kilikuwa kimekatika. Kazi ndogo. Alitaka nikichomelee palepale, ila nisiguse kiti.

Nikamweleza kwamba fundi huchomoa kiti kwanza, hewa ya moto ipate pa kutokea, la sivyo bomba la fremu linaweza kumtemea moto usoni. Akasema nifanye alivyoagiza. Nilitaka aondoke upesi, basi nikawasha gesi.

Rangi ikababuka. Ikatoka harufu ya... nywele.

Chumbani, nyuma ya ukuta, mke wangu akapiga yowe.

Nikazima. Yowe likakatika. Nilipochungulia mlangoni alikuwa ameshika shingo, anasema ameungua. Alipoinua kidole nikaona alama nyekundu, duara dogo.

Dada hakupepesa hata kope.

"Malizia, fundi," akanong'ona.

Fundi. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja.

"Umeweka nini humu, dada?"

"Washa moto."

Nilimchukia, sifichi. Nikamsukuma, nikalegeza nati, nikang'oa kiti.

Bomba likapumua. Fuuu...

Nikaingiza waya uliopinda, nikavuta kitambaa cha kichwa cha mke wangu, kile kilichopotea kwenye kamba ya kuanikia, kimefungwa kwa nywele zake mwenyewe. Dada hakunipokonya. Hilo ndilo lingenishtua, lakini nilikuwa nimeshakimbilia chumbani kumwonyesha mke wangu kwamba yamekwisha.

Akakikunjua taratibu. Ukingo mmoja ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

"Mume wangu," akanong'ona, "nusu yake iko wapi?"

Nikarudi mbio karakana. Dada hayupo. Baiskeli haipo, wala kiti chake.

Nikatoka nje. Barabara yetu ina wachomeleaji kila kona, na jioni ile wote walikuwa bado kazini. Niliita jina la dada hadi sauti ikanikauka. Watu wakanitazama tu.

Kisha huko chini, kwenye kibanda fulani, cheche zikaruka... na nyuma yangu nikamsikia mke wangu akipiga yowe.