Deo Alinifungia Njia ya Domitila

Nina miaka sabini na miwili, ni mkatekista wa Kashebere, na ninamshukuru Mungu kwamba mkono wangu bado unaweza kuandika haya. Wasomaji wenzangu, nivumilieni...

Vita vilipotufikia Muheto, mke wangu Domitila, mgonjwa wa figo, alikimbilia Goma na binti yetu. Mimi nikatupwa huku Kashebere. Minara ya simu ilikuwa imeharibiwa. Ilibaki antena moja, ya duka la Deo, kijana niliyemfundisha katekisimu mwenyewe. Binti alinitumia kompyuta, na kila Jumapili baada ya misa niliketi kwenye baraza la Deo. Uso wa Domitila ulitokea kwenye kioo, kila mara akiniuliza kama nimekula.

Jumapili moja haukutokea. Alama ya koneksio ilikuwapo, imejaa... lakini hakuna kilichoingia. Nikazima, nikawasha. Nikaandika upya neno la siri. Nikaibeba mashine hadi juu kwenye mihogo kutafuta mtandao, watu wakinicheka: "Papa katekista, Mungu naye iko na rezo huko juu?"

"Iko virusi, Papa," Deo akasema. "Mashine ilikufa. Uniachie, nitoemo vyuma vya kutengeneza zingine."

Wiki zikapita. Pembeni yangu wengine waliongea na ndugu zao. Kwa nini mimi peke yangu? Dereva wa lori la maharagwe liendalo Goma akaniambia, "Papa, unipe neno nipelekee Mama." Nikamjibu asijisumbue, Jumapili itafunguka.

Mwishowe nikamwachia Deo mashine. Kesho yake niliikuta mezani kwake, inafanya kazi, picha ya Domitila bado kwenye kioo. Ujumbe wote ulikuwa umeingia. Macho yangu hayasomi herufi ndogo, hivyo Deo ndiye aliyenisomea: "Baba Neema, nimekukosea nini hata hunijibu?" Wa mwisho ulitoka kwa binti. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Nikamuuliza mashine ilikuwa na ugonjwa gani.

"Haikukuwa na kitu. Nilikufungia tu njia kwenye antena yangu, ili uniachie. Iko vita, Papa. Kila mutu anajitafutia."

Kisha akaifuta picha ya Domitila mbele yangu. Mteja wa kuinunua mashine alikuwa anasubiri.

Ninamwombea Deo kila asubuhi. Siku nyingine maneno hayatoki...

Ndugu zangu, anayewaambia chombo chenu kimekufa, huku akikitaka yeye, msimwamini. Kipelekeni kwa mwingine. Na mwenye mgonjwa wake mbali asingoje koneksio. Lori likipita, ampe dereva neno.

Mimi nilikuwa nalo. Nimekula, Domitila. Hilo tu.