Aliyesema Karibu

Muuguzi alifika mji ule jioni, mgongo ukimuuma kwa safari ya siku mbili. Kundi lao la matibabu la kanisa liligawanywa nyumba kwa nyumba, naye akapangiwa kwa mshonaji, mjane ambaye mafuriko ya mwaka jana yalimchukulia mume na binti wa miaka sita. Ukutani alama ya tope bado ilipita juu ya kichwa cha mtu mzima.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," mshonaji alimtania akimpokea begi. Papo hapo gari la maji likapiga honi barabarani. Mgeni hawezi kulala na vumbi la njiani, kwa hiyo mshonaji alinyanyua ndoo, lakini mlangoni akasita.

"Dada, mtu akibisha hodi usiitikie. Niachie mimi."

"Hata akiwa jirani?"

"Hata akiwa nani. Narudi sasa hivi."

Muuguzi alidhani ni miiko tu ya nyumba ya mjane. Akafungua begi lake, akaanza kupanga chupa za dawa kando ya cherehani.

Jua likazama. Vyura huko nje wakanyamaza wote kwa pamoja...

"Hodi."

Sauti ya mtoto. Muuguzi akauma midomo.

"Hodi..."

Harufu ya tope bichi ikapenya chini ya mlango.

"Hodi jamani... nasikia baridi."

Sasa nani aliyelelewa akaleleka atamwacha mtoto nje na baridi? Neno lilimtoka kabla hajalikamata, kama linavyotutoka sote.

"Karibu!"

Mlango haukufunguka. Ila sakafuni zilianza kutokea nyayo, moja moja, ndogo, zimelowa. Zikapita kiti. Zikapita cherehani. Zikasimama mbele yake.

Vidole vya baridi vikaingia kiganjani mwake.

"Mama, mbona umechelewa kuitika?"

Ndoo ilianguka kizingitini. Mshonaji alisimama pale, maji yakimlowesha miguu, macho kwenye nyayo.

"Umeitikia?" alinong'ona.

Muuguzi aliitikia kwa kichwa.

"Miezi kumi na moja nakaa mlangoni hapa kila jioni. Waliochukuliwa na maji wanarudi mara moja tu, dada. Anayewaambia karibu, wanakuwa wa kwake." Alipiga magoti akapapasa sakafu kama mtu aliyeangusha sindano gizani. "Yuko wapi? Simwoni mimi. Simsikii. Mwambie sikumwachilia. Mkono uliniponyoka tu. Muulize kama alisikia nikimwita."

Muuguzi alikuja kutibu watu, na sasa moyo ulikuwa unampasuka. Aliinama akayasema yale maneno yote.



"Anasemaje?" Uso wa mshonaji ulijaa matumaini. "Niambie, dada, anasemaje?"

Sauti ilikuja sikioni mwa muuguzi, karibu kabisa.

"Mama, huyu ni nani? Analia nini?"

Muuguzi alimgeukia mshonaji.

"Anasema... alikusikia."

Mshonaji alicheka huku analia, akainuka, akakimbilia chumbani kumtandikia mwanawe kitanda. Muuguzi alimsikia akikung'uta shuka, akiongea peke yake kwa furaha.

Vidole vilikaza. Vikaanza kumvuta muuguzi, taratibu, kuelekea mlangoni.

"Twende nyumbani, mama. Maji yametulia sasa."