Vali ya Karantini

Vali ya moyo haina haki ya kucheza ikiwa kwenye bakuli. Imetolewa kwa maiti, imegandishwa miezi mitatu, sasa inayeyushwa ndani ya maji vuguvugu ya chumvi. Kazi yake ni kutulia mpaka ishonwe. Hii ikafumba, ikafumbua. Mara moja tu.

Maji yametikisika, muuguzi mtunza vali akajiambia. Ana digrii mbili; mashetani hana muda nao.

Alichokuwa nacho ni mdogo wake, kifua wazi mezani, vali yake imeliwa na maambukizi. Benki ya vali ina kanuni moja: kitu hakitoki karantini kabla ya fomu ya idhini ya ndugu wa marehemu. Yeye alikitoa. "Fomu iko njiani," alimwambia daktari, bila kupepesa macho.

Ilifika uzi wa mwisho ukifungwa. Mama wa marehemu ameandika HAPANA, akapiga mistari miwili chini yake, kisha anwani: mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Muuguzi akaikunja, akaitia mfukoni.

Siku ya nne, wodi ilinuka sabuni mbichi.

"Mmefua?"

"Tufulie nini, dada?" mfagizi akacheka. "Mashine imekufa tangu mwezi jana."

Muuguzi akaweka kipimo cha kusikilizia moyo kifuani pa mdogo wake. Moyo ulidunda sawasawa, na nyuma ya mdundo, ngo, ngo, kama mgeni mwenye adabu.

"Dada," mgonjwa akanong'ona, kwa sauti nzito isiyo yake, "mbona umenifungia?"

"Acha utani, kidonda kitafumuka."

"Nataka kwa mama."

Mama yao walimzika miaka tisa iliyopita. "Mama gani?"

"Wa mlango wa kijani. Nyuma ya kiwanda cha sabuni."

Na ile karatasi, ambayo hakuna aliyeisoma zaidi yake, ambayo alitembea nayo siku nne akiogopa kuichana na akiogopa kuiacha nyumbani, ilikuwa imelowa mfukoni, ina povu, na kule kugonga sasa kulisikika bila kipimo, mpaka vitanda vya jirani.

Kesho yake, saa ya kutazama wagonjwa, yule mwenye digrii mbili alimwingiza mganga kwa jina la mjomba, na mfuko wa machungwa mkononi. Mganga aliinamisha sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu.

"Naweza kumtoa huyu marehemu, binti yangu. Ila hatoki mikono mitupu. Atabeba kilicho chake."

"Na mdogo wangu?"

Mganga akayatazama machungwa.

"Basi abaki," muuguzi akasema, kwa sauti ndogo sana. "Abaki."

Kugonga kukakoma. Mgonjwa akafumbua macho, akanyoosha mkono kuelekea mfuko wa sare ya muuguzi.

"Lete hiyo fomu."

Akampa. Mgonjwa akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ambao mdogo wake hakuwahi kuandikia. Akakata HAPANA, akatia sahihi taratibu, na palipoulizwa uhusiano na marehemu akaandika: *Ndiye mimi.*