Simu Iliyokatwa Bila Kwaheri

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Oydin alikuwa na kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alikaa kwenye kitanda cha mbao uani, chini ya mizabibu, akamtungia bibi yake nyuzi kwenye sindano. Sindano zenye uzi mweupe alizichoma upande mmoja wa kimto, zenye uzi wa kijani upande mwingine. Bibi akishazipata, angeweza kushona mchana kutwa bila kumsumbua jirani.

Bibi Hosiyat alikuwa mshonaji wa kofia, na mji mzima wa Margilan ulimjua. Maharusi walivaa kofia zake, na wazee walijisifia kofia zake mpaka kaburini. Vidole vyake vilikuwa bado vyepesi, lakini macho yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Tundu la sindano kwake lilikuwa hadithi tu ya zamani.

"Huo uzi unautunga au unaubembeleza?" Bibi aliuliza asubuhi ile.

"Ningemaliza zamani, Bibi, kama usingekuwa unanisemesha."

"Haya, nisemeshe wewe basi. Mimi nishazeeka, ulimi ndio kiungo pekee kisichoniuma."

Wakacheka. Walikuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu wiki iliyofuata Bibi alikuwa aende hospitali ya Fergana kupasuliwa macho. Miaka na miaka alikuwa akiweka akiba kutoka kwenye kofia zake kwa ajili ya upasuaji huo. Akiba yote ilikuwa benki, na kadi ya benki aliifunga kwenye kitambaa, akakisunda kifuani. Mama yake Oydin, ambaye jina lake ni Mukaddas, alikuwa amemwekea pia programu ya benki kwenye simu. Kwa kuwa Bibi hakuona maandishi, aliyebonyeza vitufe alikuwa Oydin. Mama alimwonya mara moja tu, tena kwa sauti ndogo: "Namba ya siri ni yako na ya Bibi. Hata mimi usiniambie."

Jambo moja zaidi lazima lisemwe kuhusu nyumba ile. Kwa Bibi Hosiyat, mtu akipiga simu ni mgeni aliyeingia uani. Kwanza anaulizwa afya yake, kisha ya wazazi, watoto, ng'ombe kama anao, hali ya hewa ya kwao, ndipo shida yake isikilizwe. Na hakuna kukata simu mpaka mkubwa aage, ajibiwe, aage tena. Siku chache nyuma Oydin alikuwa na haraka ya kwenda kucheza, akamkatia simu shangazi yake wa Kokand katikati ya kuagana. Lo! Bibi alimfokea mpaka majirani wakasikia. "Umemfungia shangazi yako mlango usoni!" Oydin alilazimika kupiga tena na kuomba radhi, huku masikio yakimwaka moto kwa aibu.

Basi, mchana wa siku ile waliyotaniana juu ya uzi, Oydin alirudi kutoka shule, akala wali na Bibi, akamimina chai ya kijani. Mama alikuwa bado kazini kwenye kiwanda cha hariri, ambako simu huachwa getini. Ndipo simu ya Bibi ikalia.

Oydin aliweka sauti ya juu ili Bibi naye asikie.

"Asalaam aleikum. Hapo ni kwa mama yetu Hosiyat, mshonaji wa kofia?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito na yenye adabu. "Mimi naitwa Sherzod, fundi wa kampuni yenu ya simu. Mama, simu yako imeingiwa na virusi. Wezi wako ndani yake sasa hivi."

Bibi aliiweka chini kofia aliyokuwa akiishona. "Ndani ya simu yangu? Wanafanya nini humo?"

"Wanatafuta pesa zako, mama. Lakini usiogope, mimi nipo. Kuna kijana hapo wa kukusaidia?"

"Yupo mjukuu wangu, Oydin. Mtoto hodari huyu!"

Oydin aliposikia sifa hizo alijinyoosha. Zaidi ya hayo, mtu huyu alimjua Bibi kwa jina, alijua hata kazi yake. Angekuwa mwongo, angejuaje? Basi Sherzod alipomwambia apakue programu ya msaada, aliipakua. Alipomwambia asome tarakimu zilizotokea, alizisoma. Maandishi yakajitokeza yakiuliza kama anakubali mtu mwingine aione na kuiendesha simu hiyo. Oydin akasita kidogo.

"Bonyeza kukubali, binti. Nitaisafishaje nyumba yenu nikiwa nje ya mlango?"

Akabonyeza.

"Umefanya vizuri sana. Sasa fungua programu ya benki uweke namba ya siri, tuangalie kama virusi vimefika huko. Msikate simu, na msimwite mtu. Mkikata tu, pesa zinakwenda."

Kidole cha Oydin kilibaki hewani. Alikumbuka sauti ndogo ya Mama. "Kaka," alisema, "wewe si unaona kila ninachobonyeza?"

"Naona, ndiyo, ili nikusaidie."

"Basi utaiona na namba ya siri."

"Nitafumba macho," alisema mtu yule, akacheka. Oydin hakucheka. Kabla hajajibu, kurasa za simu zilianza kujisogeza zenyewe. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Ukurasa ukateleza, ukateleza tena, na programu ya benki ikafunguka mbele ya macho yake, ikingoja namba ya siri.

 Mwizi aliyesemwa alikuwa kweli ndani ya simu, na aliyemfungulia mlango ni yeye mwenyewe, Oydin, mtoto hodari. Alitamani kulia, lakini alijua machozi hayatazuia kitu. Alifikiria macho ya Bibi, akauma meno.

Kwanza alizima mtandao. Kurasa zikatulia tuli.

"Mbona mtandao umepotea?" Sherzod alifoka. Adabu ilianza kumwisha. "Washa! Haraka!"

Oydin akakata simu.

Bibi alimgeukia kana kwamba amevunja birika. "Oydin! Umemkatia mtu anayetusaidia? Hata kwaheri hajasema! Hukujifunza kwa shangazi yako?"

"Bibi, huyo ni mwizi."

"Mwizi gani anayesalimia vile?"

"Anataka namba ya siri. Benki ilijifungua yenyewe, Bibi, nimeona kwa macho yangu!"

Simu ililia tena. Bibi akanyoosha mkono. "Nipe."

Katika maisha yake yote, Oydin hakuwahi kumnyima Bibi kitu alichokiomba. Lakini sasa aliificha simu mgongoni, akasimama imara. "Sikupi, Bibi. Nipige ukitaka, ila sikupi. Kama ni fundi kweli, tutaiuliza benki wenyewe, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama nimemkosea, nitamwomba radhi mbele ya mtaa mzima."

 Simu ililia ikakatika, ikalia ikakatika. Mwishowe Bibi akasema polepole, "Nikiongea naye tu, anaweza kuiba kwa maneno?"

"Mtandao nimeuzima, haoni kitu. Ila usimtajie tarakimu yoyote. Hata umri wako."

"Umri wangu siutaji hata kwa daktari," alisema Bibi, na simu ilipolia tena Oydin akampa. "Haloo, mwanangu Sherzod. Mtoto amekukatia, utusamehe. Haya, tuanze upya. Hujambo? Mama yako hajambo?"

"Mama, hatuna muda huo. Washa mtandao."

"Utawashwa. Baba yako je, mzima? Ninyi wenyeji wa wapi?"

"Nimesema washa mtandao! Au nisomee namba ya siri mwenyewe, tumalize!"

"Nimekuuliza habari za mama yako, mwanangu."

"Achana na mama yangu, we bibi kizee! Namba!"

 Hata njiwa waliokuwa juu ya mizabibu, ukiniuliza mimi, walishtuka. Bibi Hosiyat aliishusha simu kutoka sikioni, akaipapasa kwa kidole mpaka akapajua mahali penye kitufe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu alipojua simu ni nini, akamkatia mtu bila kwaheri.

"Nivalishe viatu," alisema. "Twende."

Simu ile hawakuthubutu kuitumia. Waliiacha chini ya mto, wakaenda kwa jirani yao, Shangazi Mamura, mwoka mikate. Walimkuta amejaa unga mpaka kwenye viwiko, akibandika mikate ndani ya tanuri. Oydin alimweleza kwa maneno machache. Shangazi Mamura hakumaliza hata kufuta mikono.

"Simu yangu ile pale dirishani, chukua! Na mikate ikiungua, iungue!"

Oydin alisoma namba ya nyuma ya kadi, akapiga. Mwanamke wa benki aliyepokea aliwauliza jina la Bibi na mambo mengine machache ya kumtambua. Namba ya siri hakuigusia kabisa. Oydin alilitambua hilo, na moyo ukaanza kutulia. Kisha akawaomba wangoje. Bibi alishika ncha ya aproni ya Shangazi Mamura kama mtoto anayevuka barabara.

"Pesa ziko zote," mwanamke yule alisema mwishowe. "Kadi nimeifunga. Msiwashe mtandao kwenye simu hiyo mpaka muiondoe ile programu, kisha njooni tawini na kitambulisho mpewe namba mpya ya siri. Mmefanya vizuri kupiga mapema. Wengi hupiga wakati pesa zimeshakwenda."

"Lakini alimjuaje Bibi?" Oydin aliuliza.

"Je, jina lake na namba ya simu viko mahali popote kwenye mtandao?"

Oydin akakumbuka. Mama alikuwa ameweka picha za kofia mtandaoni, na chini yake jina la Bibi na namba, ili wanunuzi wapige. Kumbe alichokijua Sherzod kilijulikana na yeyote mwenye macho.

Shangazi Mamura aliwapa mkate mmoja uliokuwa umeungua upande. "Huu tuuite mkate wa Sherzod," alisema, na Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni Mama aliporudi, Oydin alimngoja mlangoni. Angeweza kuanza na sehemu nzuri, ya kukata simu na kukimbilia benki. Bibi mwenyewe alikwisha kumkonyeza aanzie hapo. Lakini alianza na ile mbaya.

"Mama, mimi ndiye niliyepakua programu ile. Na nikabonyeza kukubali. Alinisifu, nikavimba kichwa." Machozi aliyoyazuia mchana kutwa yakamtoka. "Nusura nimpofushe Bibi."

Mama alikaa kando yake kwenye kitanda cha uani, akamfuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kama ungenificha hilo, ningeirudisha simu kwenye mtandao usiku huu na programu yao imo ndani. Umenisaidia kwa kusema. Na mimi nina langu: nilianika jina la Bibi hadharani bila kufikiri. Kesho nalitoa."

"Na mimi langu lipo," alidakia Bibi. "Sikiliza, Oydin. Nilikufundisha adabu, na sijutii. Ila sikumaliza kukufundisha. Niliona adabu ni kumsikiliza kila mtu mpaka mwisho. Leo nimejua kuna watu wanaotumia adabu zetu kutufunga mikono. Mtu anayekuharakisha, anayekukataza kuwauliza wenzako, anayetaka siri yako ili akusaidie, huyo kata simu yake bila hata kupumua. Kisha watafute wahusika wenyewe kwa namba unayoijua wewe, siyo anayokupa yeye. Na ukiwa umeshakosea, sema siku hiyohiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Shangazi yako wa Kokand hayumo kwenye ruhusa hiyo. Huyo utamsikiliza mpaka aishiwe!"

Kesho yake walikwenda benki na kituo cha polisi. Wiki ileile Bibi hakuacha kusimulia: kwenye foleni ya mkate, kwenye arusi, hata kwa madaktari. Hospitali ilipopiga simu kumkumbusha siku ya upasuaji, alisema, "Asante, binti, lakini ngoja nikate nipige mwenyewe kwa namba iliyo kwenye cheti changu." Akakata, akapiga, na ni yule yule binti aliyepokea, wakacheka wote wawili.

Asubuhi moja baada ya upasuaji, bandeji za macho zikiwa zimeshaondolewa, Oydin alitoka uani kufanya kazi yake ya kila siku. Alikuta kimto kimeshajaa sindano, nyeupe huku, kijani kule, nyuzi zikining'inia. Bibi alikuwa amekaa katikati, akiinua sindano ya mwisho kwenye mwanga. Alilenga uzi, akaupitisha kwa mara moja, kisha akamtazama mjukuu wake usoni, akamtazama sana.

"Kumbe una vidoadoa juu ya pua," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Oydin akaketi kando yake. Bibi akamnyooshea sindano ile.

"Chukua. Kazi ya kunitungia imekwisha. Leo unaanza kushona."