Mkojo wa Bweni Zima

Asubuhi hiyo, kama kila asubuhi, wasichana wa bweni la mwisho walitandika vitanda, wakafagia, wakagombania ndoo. Kilichokuwa kigeni ni kikopo cheupe chenye kifuniko, kilichokaa juu ya kila mto kama mgeni wa heshima. Watafiti wa afya walikuwa wamefika shuleni kujaribu kipimo kipya cha kichocho, na kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka mkojo wake.

Bweni zima liliingiwa na hofu ya kugunduliwa. Kichocho hutoka kwenye maji yenye konokono, na bwawa la nyuma ya shule, walilokatazwa hata kulitazama, walikuwa wakiogelea humo kila Jumamosi.

Kiranja wao, aliyeitwa Jenerali, alitangaza mpango wa vita. "Mtakatifu hajawahi kukanyaga bwawani. Atatujazia sote!"

Mtakatifu, maskini, msichana mtiifu kuliko wote bwenini, alikuwa ameshakunywa jagi zima la maji, naye alijaza kikopo baada ya kikopo kwa moyo wa kizalendo. Zamu ya msichana waliyemwita Pilipili ilipofika, alificha kikopo chake mgongoni.

"Sitaki."

"Usituletee ukorofi. Lete hapa!"

"Nimesema sitaki. Mkojo ni wa Mtakatifu, ugonjwa ni wangu."

Jenerali alicheka. "Ebo! Unaringa hata na ugonjwa?"

Pilipili hakucheka. Kwa majuma kadhaa alikuwa akiona damu chooni, na hakuwa amemwambia mtu. "Nakojoa damu," alisema. Kidevu kilikuwa juu. "Nikipeleka wa mwenzangu nitaambiwa mzima. Utanitibu wewe, Jenerali?"

"Ukituponza, hakuna atakayezungumza nawe mpaka shule ifungwe."

"Afadhali. Masikio yangu yatapumzika."

Alijaza kikopo chake mwenyewe, akaongoza moja kwa moja hadi bwaloni, kwenye meza ya daktari wa watafiti. Wenzake walimfuata nyuma, na vikopo vyao vya mkojo wa Mtakatifu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapa."

"Siweki mpaka nijibiwe. Majibu yangu ataonyeshwa matroni?"

Daktari aliweka kalamu chini. "La. Ni yako, ya wazazi wako, na ya anayekutibu."

"Hata kama niliogelea bwawani?"

"Sisi tunatafuta minyoo, binti. Watoro hawatuhusu."

Pilipili aliweka kikopo mezani. Daktari akafungua vikopo vya wenzake; mkojo wote ulikuwa mweupe kama maji ya bomba. "Hongereni! Bweni zima mnatumia figo moja?"

Pilipili hakumtaja mtu. Jenerali ndiye aliyejitokeza, uso chini. "Naomba kikopo kingine, daktari." Wengine wakajipanga nyuma yake.

Kipimo kipya na hadubini vilikubaliana: karibu wote walikuwa na kichocho, Jenerali akiwemo. Walimeza vidonge vichungu wakikunja nyuso, na baada ya muda damu ya Pilipili ilikoma.

Siku watafiti walipokuja kuwaaga, daktari aliwakusanya. "Tulitaka kujua kama kipimo hiki kinasema kweli," alisema. "Mngekidanganya, nanyi mngebaki na minyoo yenu, nasi tusingejua kama kinawakosa wagonjwa, na mtoto mwingine mbali na hapa angeambiwa mzima huku anaumwa. Ukipimwa, toa ukweli wako mwenyewe." Kisha akamgeukia Pilipili. "Nawe, usiache kuuliza kwanza. Hata ukiambiwa mkorofi. Hata anayekuambia akiwa daktari."